Hatua ya mshazari ihesabiwe vipi mezani?

Mtoa mada

Ndugu wachangiaji, naleta mbele yenu suala ambalo kundi letu limelibishania kwa vikao kadhaa sasa, nalo ni hesabu ya mwendo wa wahusika wakati wa pambano. Tunacheza mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons, toleo la tano la mwaka 2014, juu ya ramani ya miraba ambamo kila mraba ni futi 5, na mhusika wa kawaida ana mwendo wa futi 30 kwa zamu, yaani miraba 6. Kanuni ya msingi inasema kwamba kuingia mraba wa mshazari kunagharimu futi 5 zilezile za kwenda mbele moja kwa moja. Napendekeza tuiache na badala yake tuweke kanuni ya meza: mshazari wa kwanza uwe futi 5, wa pili futi 10, wa tatu futi 5 tena, na kuendelea hivyo.

Sina ugomvi na jiometri. Ulalo wa mraba wa futi 5 ni futi 7 na kidogo, jambo ambalo kila mtu analijua, na mchezo wenye majoka yanayoruka hauwezi kuharibiwa na futi mbili. Ninachokilalamikia ni namna kosa hilo dogo linavyomwondolea kazi mhusika anayebeba ngao. Tazameni ukumbi mpana usio na nguzo. Mpiganaji amesimama katikati, na miraba minne nyuma yake yuko mchawi asiye na deraya, ambaye uhai wake umebaki wa kuhesabu kwa vidole. Adui yuko miraba mitatu mbele ya ngao. Akienda moja kwa moja, miraba 6 inamtosha kufika kando ya mchawi, ila mpiganaji amemzibia njia. Basi anapanda kimshazari miraba miwili, anapita sambamba miraba miwili, anashuka kimshazari miwili, na amefika. Amezunguka, lakini amelipa miraba 6 ileile ambayo angelipa kama angepita katikati ya kifua cha mpiganaji, na kwa kuwa hakugusa mraba wowote unaopakana naye, hata lile pigo la fursa ambalo mtu hupata adui anapotoka karibu yake halipo. Kwa hesabu ninayoipendekeza, mzunguko huohuo unagharimu futi 40, kwa hiyo adui lazima achague kati ya kukimbia bila kushambulia na kupigana na aliye mbele yake.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mtoa mada, mfano wako nimeuchora kwenye karatasi na hesabu yako ni sahihi, lakini bado sikubaliani nawe. Kwanza, unafuu wa mshazari ni wa wote: adui akizunguka bure, mpiganaji naye katika zamu yake atarudi bure. Pili, mpiganaji anayemwacha mchawi miraba minne nyuma yake amekosea mahali pa kusimama, na kosa la mchezaji halitibiwi kwa kubadili kanuni.

Tatu, na hili ndilo zito kwangu, ni kumbukumbu. Toleo la tano linamruhusu mhusika kutembea kidogo, kushambulia, kisha kumalizia mwendo uliobaki. Nimewahi kukaa kwenye meza iliyotumia hesabu hiyo ya tano na kumi, na nimemwona mchezaji ameweka kidole kwenye mraba, amerusha dadu ya shambulizi, amejumlisha, ameshangiliwa, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mshazari wangu wa mwisho ulikuwa wa tano au wa kumi?" Hakuna aliyejua. Alirudisha sanamu yake mwanzo na kuhesabu upya, mara mbili, huku wenzake watano wakisubiri. Kumbuka pia kwamba hesabu hiyo ilikuwa ndiyo kanuni katika toleo la tatu lililorekebishwa mwaka 2003, na toleo la nne la mwaka 2008 likaiacha. Waliotunga mchezo walizijaribu njia zote mbili, na katika mwongozo wa mwendeshaji, yaani anayeongoza mchezo, wa mwaka 2014 hesabu ya tano na kumi wameiacha kuwa hiari tu.

Mchangiaji wa pili

Naomba niongeze jambo moja kwa upande wa mtoa mada, maana tunazungumzia miguu na kusahau moto. Mkihesabu mshazari sawa na mraba wa kawaida, uchawi wa mpira wa moto wenye nusu kipenyo cha futi 20 unageuka kuwa sanduku la futi 40 kwa 40. Eneo lake linatoka futi za mraba 1,257 hivi hadi 1,600, na wale wanne waliosimama pembeni wakiamini wako salama ndio wanaoungua. Anayeitetea kanuni ya sasa aseme wazi kama anautetea pia moto wenye kona.

Mchangiaji wa tatu

Ninyi nyote mnabishana juu ya ugonjwa ulioletwa na miraba yenyewe. Kanuni za kwanza za mwaka 1974 zilitaja mwendo kwa inchi, kwa sababu mchezo ulizaliwa na michezo ya vita ya sanamu ndogo, ambako watu walipima kwa rula juu ya meza tupu. Kwenye ramani nyingi inchi moja ni mraba mmoja, hivyo kata uzi wa inchi 6, umpe kila mwenye mwendo wa futi 30, na mshazari hautakuwapo tena wa kuhesabiwa. Ramani ya vipande vya pembe sita najua itatajwa, nami nimeitumia: porini ni nzuri, lakini ndani ya chumba chenye kuta zilizonyooka unabaki na vipande nusu nusu ambavyo hakuna anayejua kama mtu anaweza kusimama humo.

Mtoa mada

Ndugu mchangiaji wa kwanza, kuhusu kumbukumbu umenishika, na sina jibu zuri. Hata hivyo, hoja yako kwamba unafuu ni wa wote siikubali. Njia ya kuzunguka humfaidi anayeshambulia. Anayelinda mahali amesimama na hana anapokwenda. Mpiganaji akirudi katika zamu yake, atamkuta mchawi ameshaanguka. Na ukimwambia asimame ubavuni kwa mchawi, umewaweka wote wawili ndani ya lile sanduku la moto.

Hoja ya uzi nilidhani ni mzaha, lakini jana nimeijaribu. Niliupanga kwenye ramani kwa njia ileile ya yule adui: juu, sambamba, chini. Uliisha ukiwa umebakiza inchi moja na nusu hivi kabla ya kumfikia mchawi, jambo ambalo ndilo nililokuwa nikilitafuta, na sikuhesabu chochote. Kwa hiyo nabadilisha pendekezo langu: katika kumbi za wazi tupime kwa uzi, na katika njia nyembamba, ambako hakuna nafasi ya kuzunguka, tubaki na miraba na kila mshazari uwe futi 5.

Mchangiaji wa kwanza

Hilo naweza kulijaribu kwa vikao vitatu, kwa masharti mawili. Uzi ushikwe na mwendeshaji, si mwenye zamu, kwa sababu uzi huvutika na mkono wa mwenye shida huuvuta zaidi. Na kabla dadu haijarushwa, mwendeshaji atangaze kama chumba tulichoingia ni cha uzi au cha miraba, tusije tukaanza kubishana hilo wakati adui ameshafika nyuma ya ngao.