Wanafunzi wapya sekondari wamepoa, ushauri wa kikundi unafanywaje?

mwl_mgeni: Habari wadau. Nimepewa kitengo cha ushauri nasaha na sijawahi kukifanya, wanafunzi wapya wana wiki ya tatu sasa na kuna kama nane hivi wamepoa kabisa, mmoja kila asubuhi tumbo linamuuma ila akipimwa haonekani na kitu, mwingine mapumziko anabaki darasani peke yake. Juzi nimewakusanya nikaongea nao nusu saa nzima, wakaitikia "ndiyo mwalimu" mpaka mwisho wakaondoka. Nakosea wapi?

kalamu_nyekundu: Hapo ulihutubia mwl 😅 Nane ni idadi nzuri ila usiweke waliopoa watupu, ongeza wawili watatu walioshazoea, la sivyo mtakaa mnatazamana. Kaeni duara, dakika 40 hivi, mara moja kwa wiki, watu walewale. Na siku ya kwanza usiulize "una shida gani", nani atasema mbele ya watu asiowajua? Gawa vikaratasi, kila mtu aandike kitu kimoja kinachomsumbua, bila jina, changanya halafu kila mmoja asome cha mwenzake. Wakisikia karatasi tano zinasema kitu kilekile utaona mabega yanashuka.

sauti_ya_tatu: Naunga mkono ila vikaratasi asome mwalimu, mwandiko unajulikana jamani, nishaona vijembe vya mwezi mzima kwa sababu hiyo. Pia waambie mapema yanayosemwa humo yanabaki humo, isipokuwa mtu akiwa anaumizwa au anataka kujiumiza, hiyo huwezi kukaa nayo. Na kama wewe ndiye mwalimu wa nidhamu mpe mwingine kikundi, hawatakuambia kitu. Halafu wakianza kubishana baada ya wiki kadhaa usivunje, mwanasaikolojia Bruce Tuckman aliliandika hilo tangu 1965, kikundi kinaundwa, kinavurugana, kinaelewana, ndo kinaanza kazi.

nilikuwa_mgeni_pia: Huyo wa tumbo usimwachie kikundi, kaa naye peke yake. Mimi langu liliuma karibu muhula mzima, nilikuwa najibana siendi chooni sababu kuna wakubwa walikuwa wanasimama mlangoni. Kila mtu aliniuliza masomo yanaendaje, choo hakuna aliyeuliza.

mwl_mgeni: Duh, la choo halikunijia kabisa. Kesho naanza na huyo, na nitapita huko mwenyewe saa ya mapumziko nione nani anasimama mlangoni. Vikaratasi nasoma mimi.