Moduli ya GPS inaonyesha saa mbele sekunde 2 halafu inajirekebisha yenyewe, tatizo nini?

saketi_mbichi:
Wakuu habari zenu. Nina moduli ya GPS ya zamani kidogo nimeiunga kwenye saa ya ukutani. Nikiiwasha inashika setilaiti fasta tu, mahali inaonyesha sawa kabisa, ila saa iko mbele sekunde 2 ukilinganisha na kompyuta inayojiseti kwa intaneti. Naiacha, baada ya dakika kumi hivi ghafla inarudi nyuma sekunde 2 na inakaa sawa mpaka niizime, nikiwasha tena ngoma ile ile. Sasa setilaiti zina saa za atomiki, inakuwaje izidishe sekunde mbili nzima? Na kama saa imekosea mbona mahali haijakosea??

bundi_wa_antena:
Mkuu hapo kuna saa mbili. Saa ya GPS ilianza kuhesabu tarehe 6 Januari 1980 na tangu hapo haijaongezewa sekunde hata moja, inaenda tu. UTC, yaani saa rasmi ya dunia ambayo kompyuta yako inaifuata, ndo huwa inaongezewa sekunde mara moja moja kwa sababu dunia haizunguki sawasawa na saa za atomiki zinavyotaka, ya mwisho iliongezwa mwisho wa Desemba 2016. Kwa hiyo sasa hivi GPS iko mbele ya UTC sekunde 18 na risiva (hiyo moduli yako inayopokea mawimbi) ndo yenye kazi ya kuzitoa kabla haijakuonyesha saa.

Inajuaje ni 18? Setilaiti zinaitangaza hiyo namba, ila ujumbe wao unakuja taratibu mno, biti 50 kwa sekunde, mzunguko mzima dakika 12 na nusu, na ukurasa wenye hesabu ya UTC unapita mara moja tu kwenye huo mzunguko. Kabla haijaupata inatumia namba iliyowekwa na walioiandikia programu. Yako ikizidi 2 maana yake inatoa 16, na 16 ilikuwa sahihi kuanzia Julai 2012 hadi Juni 2015, kwa hiyo naweza kukwambia hata umri wa programu yake bila kuiona 😂

saketi_mbichi:
Duh, imeeleweka. Ila mbona ikishaipata 18 haiikumbuki?

bundi_wa_antena:
Angalia kibetri cha akiba pembeni ya chipu, kikifa moduli inasahau kila kitu ukizima umeme. Pima volti zake kwanza.

hesabu_tu:
Naongezea kwenye swali la mahali maana limerukwa na kwangu ndo tamu kuliko yote. Ndani ya risiva hakuna saa ya atomiki, kuna kwatsi ya kawaida tu, ile ya saa za mkononi, na mawimbi ya redio yanakata kama mita 300 kwa mikrosekunde moja, yaani sehemu moja ya milioni ya sekunde, sasa fikiria kwatsi ikikosea hata kidogo tu unajikuta baharini. Ndo maana inahitaji setilaiti nne sio tatu, vitu vitatu visivyojulikana ni vya mahali na cha nne ni kosa la saa yake yenyewe, vyote vinatafutwa kwa pamoja, yaani kila ikipata mahali inajirekebisha saa bure. Na hesabu yote hiyo inafanyika kwa saa ya GPS, UTC haihusiki kabisa, inaingia mwishoni kwenye kuonyesha. Ndo maana hizo sekunde 2 hazikukusogeza hata hatua.

Hata saa za kwenye setilaiti nazo zinasahihishwa. Kule juu zinakimbia mbele mikrosekunde 38 hivi kwa siku kwa mambo ya Einstein (mwendo na mvutano wa dunia vinabadili kasi ya saa), so zinapunguzwa kasi kabla hazijarushwa.

mpita_njia:
Jamani sio mifumo yote ya setilaiti iko kama GPS, GLONASS ya Urusi inafuata UTC na sekunde zake za nyongeza. Galileo ya Ulaya inaenda kama GPS. BeiDou ya China ilianza kuhesabu 2006 kwa hiyo tofauti yake na UTC ni sekunde 4 tu. Ukiwa na risiva inayochanganya zote usishangae.

bundi_wa_antena:
Kweli kabisa. Na saketi_mbichi, usije ukaandika 18 moja kwa moja kwenye kodi yako kisa imekuwa hivyo tangu 2017. Mwaka 2022 nchi zilikubaliana kuachana na huu utaratibu wa kuongeza sekunde ifikapo 2035, ila kabla ya hapo yoyote yanaweza kutokea, wengine wanasema hata sekunde ya kupunguza, ambayo haijawahi kutumika. Subiri moduli ikwambie imeshapata ukurasa wa UTC ndo uwashe namba za ukutani, basi.

saketi_mbichi:
Kibetri kimekufa kweli, kinasoma karibu na sifuri. Naagiza kingine.