Walimu wa visakinishi, mwafundisha teknolojia au mwafundisha kubofya neksti?

Wanajamvi, nimevumilia nimechoka, leo wacha niseme. Mimi natengeneza programu za maduka hapa Malindi, na kila muhula naletewa vijana wa atachimenti kutoka chuo ambacho sitakitaja. Wenyewe wanajijua. Kijana anakuja na karatasi imeandikwa kwamba amesoma utengenezaji wa visakinishi, yaani programu za kuingiza programu nyingine kwenye kompyuta, lakini ukimuuliza ndani ya faili ya MSI, ile ya kisakinishi cha Windows, mna nini, anakukodolea macho. Vijana siwalaumu hata kidogo. Namlaumu anayewachagulia zana za mfano.

Zana yenyewe ni ipi? Ile ya kulipiwa, bei yake hata chuo hakiwezi, ndiyo maana wanafundishia leseni ya majaribio. Muda wa majaribio ukiisha katikati ya muhula, maabara nzima inakwama na mwalimu anamalizia silabasi kwa picha za skrini kwenye projekta. Mwanafunzi akirudi kwao Muyeye na laptopu yake ya mtumba hana cha kufanyia mazoezi. Na hata hiyo leseni ikiwa hai, anachojifunza ni neksti, neksti, maliza. Huwezi kumfunza mtu unahodha kwa kumkalisha abiria kwenye boti ya Mokowe!

Haya, na programu ya mfano je, ile inayosakinishwa? Kikokotoo. Faili moja. Hakina mipangilio, hakina data, hakina toleo la pili. Sasa hapo unafundisha nini? Kunakili faili moja kutoka hapa kwenda pale hakuhitaji kozi. Ugumu wote wa kazi hii uko kwenye kuboresha na kuondoa: mteja ana toleo la zamani, ana data yake ndani, na wewe unaleta jipya. Kikokotoo hakikufikishi huko abadan.

Matokeo yake niliyaona kwa duka moja la vifaa vya ujenzi huko Maweni. Kijana alipewa kazi ya kutengeneza kisakinishi cha toleo jipya la programu ya stoki. Akafanya alivyofunzwa: akafungua mradi mpya kabisa, akajaza visanduku, akabofya. Zana ikampa UpgradeCode mpya (kitambulisho kinachounganisha matoleo yote ya programu moja) na vitambulisho vipya vya komponenti zote (vipande vinavyosakinishwa), kimya kimya. Kwa hivyo Windows haikujua kwamba hii ni programu ile ile, ikaziweka mbili ndani ya folda moja. Mwenye duka akaona majina mawili kwenye orodha ya programu, akaondoa la zamani, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya. Hifadhidata ya stoki ikaenda nayo, kwa sababu faili ile iliingizwa kwenye kisakinishi ikiwa tupu, na komponenti yake haikuwekewa alama ya kudumu, ile inayozuia isifutwe. Windows Installer, sehemu ya Windows inayoendesha MSI, ilipohesabu wamiliki wa komponenti hiyo haikuona mwingine anayeimiliki, ikafuta, mauzo yote yakiwa ndani. Lau si nakala ya akiba tungekuwa tunahesabu misumari hadi leo.

Na hilo si fumbo la wataalamu! Windows Installer ilitoka pamoja na Office 2000, mwaka 1999, na tangu siku hizo MSI ni hifadhidata yenye majedwali: File, Component, Directory, Registry na mengineyo. Kuna zana ndogo ya Microsoft inaitwa Orca, inakuja ndani ya SDK ya Windows (fungu la zana za watengenezaji programu), bure. Unafungua MSI yoyote na majedwali yako mbele yako. Mwanafunzi akikaa na Orca asubuhi moja, ataona kwa macho yake ProductCode, kitambulisho cha bidhaa yenyewe, iko wapi na UpgradeCode iko wapi. Ataelewa kwa nini kupandisha toleo kutoka 1.4.2.1 hadi 1.4.2.2 hakumsaidii kitu: Windows Installer hulinganisha sehemu tatu za mwanzo tu. Hao vijana hawajui hata kusoma logi, ile kumbukumbu ya hatua za usakinishaji. Kosa 1603, la usakinishaji kufeli, likitokea, wanazima kompyuta na kuwasha. Endesha msiexec, amri ya kusakinisha MSI, kwa /l*v ili iandike logi kamili, tafuta "return value 3", soma mistari iliyo juu yake. Nani atawaambia?

Nimeshaandikia idara. Jibu: mtaala umepitishwa, na zana hiyo ndiyo "inayotakiwa na soko". Soko gani, jamani? Zana hiyo hiyo ya bei mbaya mwisho wa siku inazalisha MSI ile ile. Anayejua majedwali ataishika zana yoyote. Anayejua vitufe, dirisha likibadilika sura tu, kwisha.

Kuna zana ambazo haziombi leseni ya majaribio. WiX msimbo wake uko wazi tangu 2004: unaandika XML, kila komponenti unaiona umeiandika mwenyewe. Inno Setup ya Jordan Russell ipo tangu 1997, ni megabaiti chache, haimalizi bando la mtu. NSIS nayo ilianzia kwa Nullsoft, wale wa Winamp. Hizi mbili ni skripti za maandishi, mwalimu anaweza kuzisahihisha kwa kalamu nyekundu. Lakini msinielewe vibaya: anayefundisha Inno Setup peke yake namlalamikia pia, kwa sababu haitoi MSI, na siku kijana ataambiwa asambaze programu kwa Group Policy (njia ya Windows ya kusimamia kompyuta nyingi kwa pamoja) kwenye ofisi yenye mashine nyingi ataumbuka. Za Linux sizigusi leo, ingawa amri ya dpkg -c, inayoorodhesha yaliyomo, ingewafaa kuona tu kwamba kifurushi kina ndani.

Walimu mlioko humu, Lamu, Kilifi, Mombasa, semeni hadharani: mwatumia zana gani, na programu gani ya mfano? Mimi niko tayari kutoa ile programu ya stoki, msimbo wake wote, pamoja na MSI ile mbovu iliyofuta data, mfundishie bure. Na mkuu wa idara, najua huwa unapita humu: barua yangu ya pili hujaijibu.