Mikoko ikatwe bahari ionekane?

Mleta mada: Wakuu, juzi nilikuwa Mbweni na jamaa mwenye kiwanja karibu na pwani. Analalamika mikoko imemzibia bahari, tope linanuka, laiti ingefyekwa angepata mandhari. Sheria inakataza, lakini tuiweke kando kwanza. Mimi nahoji jicho lake.

Allen Carlson, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, aliandika mwaka 1979 kwamba tunakosea kuitazama asili kama picha ya ukutani: unasimama mbali, na kinachokuziba unakiita kibaya. Kwake, sanaa huhitaji kuijua ni ya aina gani. Mazingira nayo huhitaji kujua ni nini hasa unachokitazama, na hapo sayansi ndiyo mwalimu. Mfano wake nyangumi: ukimdhani samaki utaona dubwana zito, ukijua ni mnyama anayenyonyesha, unayaona madaha yake. (Na sisi Waswahili tunavyomhesabu samaki!)

Sasa rudi Mbweni. Vile vijiti vilivyochomoza topeni kama misumari ni mizizi ya mchu, aina mojawapo ya mikoko, inavuta hewa kwa sababu chini hakuna. Ule uvundo ni majani yanayooza, na kaa wanaishi kwa hayo. Ukishajua, bado ni uchafu?

Mdau, Sinza: Mkuu, basi mtalii anayenunua picha ya tingatinga pale Oysterbay, hajui kama ilianza 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli, hajaona kitu? Amefurahi, amelipa, kaondoka zake. Bahari vilevile, sihitaji cheti kuifurahia.

Mleta mada: Kufurahi amefurahi. Ila akimkuta chui wa bluu atasema mchoraji kakosea. Jamaa yangu wa Mbweni ndiye huyo.

Mdau, Kigamboni: Wanangu, mimi navua. Mchu, mkandaa, mlilana, msindi, nazitofautisha nikiwa ndani ya mtumbwi, na profesa hakunifundisha. Lakini hamjagusa jambo moja. Anayeujua mkandaa kuliko sisi wote ni mkata boriti. Anajua upi umenyooka, upi mgumu, na anausifu kabisa uzuri wake. Kisha anashusha shoka.

Mleta mada: Hapo umenibana, mzee. Nilidhani ujuzi ukiingia, shoka linawekwa chini. Wenye viwanja vya ufukweni, mbona kimya?