Kitongoji cha Juu: mambo ya maporomoko

*Jumatano*

Zaituni Katibu 18:41
Assalam aleikum, Bwana asifiwe, nawasalimu wote. Wageni wa mradi wanakuja Jumanne ijayo kuona mahali pa choo na kibanda pale maporomokoni. Nahitaji majibu yenu LEO si kesho. Nimechora, naituma.

*[Picha: ukurasa wa daftari la hesabu, peni ya bluu]*

Zaituni Katibu 18:43
Namba 1 choo matundu mawili. Namba 2 kibanda cha kupokelea wageni. Namba 3 maegesho. Namba 4 njia. Namba 5 pipa la taka. Ukishaona andika "nimeona".

Zaituni Katibu 19:26
Waliosoma ni 14. Walioandika ni 0.

Juma Boda 19:27
nimeona

Juma Boda 19:27
namba 3 ni maegesho au ni yai?

Zaituni Katibu 19:28
Juma.

Juma Boda 19:28
nauliza kwa wema dada, mimi ndiye nitakayeegesha humo 😂

Fundi Omari 19:40
Choo umekiweka chini ya mkuyu?

Zaituni Katibu 19:40
Ndiyo kaka. Karibu na bwawa, wageni wasihangaike.

Fundi Omari 19:46
Hapo chini ni mwamba. Nilipokuwa nachimbia nguzo za ule uzio, sururu iligonga jiwe kabla sijafika futi tatu. Na masika yakianza, maji yanatoka hapohapo chini ya mizizi. Ukichimba hapo utapata kisima, choo hupati.

Mwalimu Eliza 19:58
Na hata pangekuwa na udongo, Sheria ya Mazingira ya 2004 kifungu cha 57 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kutoka mkuyuni hadi majini hata mita 20 hazifiki.

Zaituni Katibu 19:59
Mwalimu, ukipima mita 60 unaangukia kwenye karoti za Baba Shafii!

Mwalimu Eliza 20:01
Inategemea unapima kuelekea wapi. Upande wa juu kuna ile sehemu ya wazi tulipokuwa tunachezea mdako.

Shangazi Mwajuma 20:02
Tuma ujumbe huu kwa watu 10 unaowapenda, usiku wa leo utapokea baraka 🌹🌹🌹

Juma Boda 20:03
shangazi kwenye hao kumi umeniwekaje wa kwanza

Mama Nuru 20:15
Mimi naomba kuuliza jambo moja. Ufunguo wa hicho choo atakaa nao nani?

Zaituni Katibu 20:16
Mama Nuru, kwenye mchoro hakuna ufunguo.

Mama Nuru 20:16
Hata bomba kwenye mchoro halikuwa na ufunguo.

*Ujumbe huu umefutwa*

Mjomba Athumani (Dar) 20:19
Jamani ya bomba yalishaisha.

Mama Nuru 20:21
Yaliisha kwa nani shemeji? Mimi leo asubuhi nimechota mtoni. Mawe ya ule msingi aliyabeba marehemu baba yangu kwa kichwa, unajua wewe.

Mjomba Athumani (Dar) 20:22
Najua. Nasema tusichanganye mambo.

Mama Nuru 20:22
Sichanganyi. Nimeuliza ufunguo.

Zaituni Katibu 20:30
Tafadhalini. Turudi kwenye mada. Pasaka iliyopita nilikaa pale na daftari, nikahesabu watu 63 kwa siku moja. Waliokwenda haja walikwenda vichakani, kule mnakookota kuni. Chupa nilizookota zilijaa viroba viwili. Yale maua ya zambarau yanayoota kwenye jiwe lenye unyevu, yamebaki upande ule ambao mkono haufiki. Mnataka tuendelee hivi?

Mwalimu Eliza 20:34
Hapo nakuunga mkono kabisa. Yale maua Wazungu wanayapanda kwenye vikopo madirishani kwao, mbegu za mwanzo zilitoka huku Usambara mwishoni mwa miaka ya 1800 wakati wa Wajerumani. Na wanaokuja leo wanayang'oa na mizizi.

Juma Boda 20:36
mimi wangu hawataki maua, wanataka vinyonga. juzi wawili wamelala Lushoto wamepanda huku usiku na tochi kutafuta kinyonga. nikawaambia njooni kwa bibi yangu, akimuona kinyonga mtamsikia bibi kabla ya kumuona mnyama

Kibwana 20:37
😂😂😂 bibi yako alihama nyumba siku tatu

Juma Boda 20:37
wiki. na alirudi baada ya kusomewa dua

Fundi Omari 20:39
Kinyonga mwenyewe alikuwa kidole hiki 🤏

Zaituni Katibu 20:41
Naomba tusigeuze kikundi kuwa kijiwe.

Zaituni Katibu 20:58
Fundi, kama hapachimbiki tunafanyaje? Nijibu kitu cha kuwaambia wageni.

Fundi Omari 21:20
Unajenga juu ya ardhi. Vyumba viwili vya tofali chini, sakafu juu, unapanda ngazi. Mkojo una njia yake pembeni usichanganyike. Kila mtu akimaliza anatupia majivu au maranda, basi hakuna harufu, hakuna nzi. Chumba cha kwanza kikijaa unakiziba unahamia cha pili. Kile kilichozibwa hukigusi. Huku kwetu kwenye baridi ukiacha miaka miwili ndiyo salama, vijidudu havifi upesi kama Tanga mjini. Baada ya hapo unatoa mboji.

Juma Boda 21:21
mboji ya Wazungu kwenye kabichi zetu

Juma Boda 21:21
kabichi zitaanza kuongea kwa pua

Mama Nuru 21:22
Juma wewe 😂 nitakuchapa

Kibwana 21:23
karoti zikitoka shambani zinauliza njia ya kwenda Irente kwa watalii

Fundi Omari 21:25
Chekeni. Shida ya choo hiki ni majivu. Nani atayaleta kila siku? Nani atafagia? Nimejenga vyoo vya mradi sehemu tatu mimi. Vyote nilikabidhi vikiwa vinameta. Viwili leo ni stoo ya mbolea, na cha tatu mlango ulishaondoka, hata mimi siingii.

Zaituni Katibu 21:26
Tutaweka mtu.

Fundi Omari 21:26
Kwa pesa ipi?

*Alhamisi*

Zaituni Katibu 06:10
Habari za asubuhi. Kuhusu pesa: mgeni wa nje 10,000, Mtanzania 2,000, mwanakijiji bure. Nusu iende kwa wasafishaji na njia, nusu kijijini. Anayekubali aandike NDIYO.

Mjomba Athumani (Dar) 06:31
NDIYO

Mama Nuru 06:50
Mjomba wewe uko Dar, maporomoko utayafagia kwa simu?

Juma Boda 07:02
mimi wageni nawaleta, nikishuka nawaambia elfu kumi zaidi wataniona tapeli. sasa hivi wananipa chochote wanachojisikia

Mama Nuru 07:03
Na hicho wanachojisikia kinaingia mfuko gani Juma?

Juma Boda 07:03
petroli mama

Baba Shafii 07:44
Nimeamka nasoma nakuta shamba langu limo kwenye mchoro. Hakuna aliyekuja kuniuliza. Halafu namba 4 ile njia. Mmeweka geti. Ng'ombe wangu na wa Mzee wanakunywa wapi maji?

Zaituni Katibu 07:45
Baba Shafii shikamoo. Shamba lako halimo, ni mfano wa kipimo tu. Na geti ni la wageni, si la ng'ombe.

Baba Shafii 07:49
Marahaba. Ng'ombe hajui kusoma "wageni tu".

Fundi Omari 08:15
Kweli hapo. Halafu hiyo njia yenyewe inashuka wima, ndiyo maana imekuwa mfereji. Jana nimepita, mguu umezama hadi hapa magotini. Kwato za ng'ombe zinalegeza, viatu vya wageni vinasaga, mvua inakuja kubeba. Njia ya watu ipinde-pinde ifuate mwinuko, na kila baada ya hatua chache uweke makingamaji ya mawe yatoe maji pembeni. Ng'ombe waachiwe ile ya zamani ya chini. Mbili tofauti. Na ifanyike kabla ya masika, yaani tuna wiki chache.

Zaituni Katibu 08:16
Safi. Fundi naandika hivyohivyo. Sasa kuna jambo dogo. Wageni wanataka muhtasari wa Mkutano Mkuu wa Kijiji kuwa wananchi tumeridhia. Nimeshauandika. Nitapita nyumba kwa nyumba leo jioni mnisainie.

Mwalimu Eliza 08:40
Muhtasari wa mkutano upi?

Zaituni Katibu 08:41
Wa kuridhia.

Mwalimu Eliza 08:44
Zai mdogo wangu, mkutano haujakaa. Ile ni ardhi ya jumuiya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema Halmashauri ya Kijiji inaisimamia kama mdhamini tu, haiwezi kumgawia mtu bila Mkutano Mkuu kuridhia. Mkutano Mkuu ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Hata Juma.

Juma Boda 08:45
asante mwalimu kwa kunitambua

Zaituni Katibu 08:47
Hatumgawii mtu! Ni choo!

Mwalimu Eliza 08:52
Na kibanda. Kibanda ni cha nani? Umeandika "mwendeshaji". Mwendeshaji ni nani?

Zaituni Katibu 08:53
Hilo litajadiliwa baadaye.

Mama Nuru 08:53
😶

Mama Nuru 08:54
Bomba lilianza hivihivi. "Litajadiliwa baadaye."

Zaituni Katibu 08:59
Mama Nuru sema waziwazi. Unamsema baba yangu?

Mama Nuru 09:00
Sijamtaja mtu.

Zaituni Katibu 09:02
Mimi naacha kazi zangu, natembea na daftari, naokota chupa za watu kwa mikono yangu, hakuna aliyewahi kunipa hata glavu. Na mradi ukienda kijiji kingine mtasema Zaituni alizembea.

Mjomba Athumani (Dar) 09:10
Tulieni wanangu.

*Hakuna ujumbe hadi 16:30*

Kibwana 16:31
Nimemsomea Babu yote tangu jana. Amesema niandike kama alivyosema, nisipunguze.

Kibwana 16:38
"Mimi nilikuwa mtoto, matuta ya Mwingereza yalipoletwa. Yalianzia Mlalo baada ya vita. Mama yangu alilima matuta kwa lazima, asiyelima alitozwa faini. Watu walikataa, wanawake ndio walikuwa wakali zaidi, na ule mpango ukafa kabla ya uhuru. Leo nawaona wenyewe mnapanda kabichi kwenye matuta, mnaita kilimo bora, wala hakuna aliyewachapa. Basi tuta halikuwa na kosa. Lililetwa likiwa limeshaamuliwa. Zaituni, choo chako nakitaka, mimi magoti yangu hayachuchumai tena kichakani. Lakini usiniletee karatasi ya mkutano ambao sikukaa. Sitaweka kidole. Na bwawa la juu hakuna mgeni kupanda. Hilo halijadiliwi, sababu mnazijua."

Juma Boda 16:52
sawa babu

Fundi Omari 16:55
Tumesikia Mzee.

Baba Shafii 17:20
🙏

Zaituni Katibu 18:47
Babu shikamoo. Nimekuelewa. Ule muhtasari nimeuchana.

Zaituni Katibu 18:49
Nimeongea na Mtendaji. Anasema Mkutano Mkuu wa kawaida ni kila miezi mitatu na wa robo hii haujaitishwa, kwa hiyo anaweza kuuitisha. Ila si kabla ya Jumanne.

Mwalimu Eliza 18:58
Basi Jumanne wageni waonyeshwe mahali, waambiwe ukweli kuwa wananchi hawajakaa. Mradi wa kweli utasubiri.

Zaituni Katibu 18:59
Na usiposubiri?

Mama Nuru 19:12
Usiposubiri tutajenga njia kwanza. Mawe tunayo, migongo tunayo. Choo kitafuata.

Zaituni Katibu 19:13
Asante mama.

Mama Nuru 19:13
Sijasema ya ufunguo yameisha.

Zaituni Katibu 19:20
Jumamosi saa 2 asubuhi, mkuyuni. Tunapima mita 60 kwa kamba kwenda juu, kwenye ile sehemu ya wazi. Fundi, Mwalimu, Baba Shafii, Mama Nuru. Nani ana kamba?

Fundi Omari 19:31
Yangu ni ya mita 30. Tutapima mara mbili. Ila niliiazimisha.

Zaituni Katibu 19:31
Kwa nani?

Fundi Omari 19:32
Juma.

Juma Boda 19:50
ipo ipo. imefungia mbuzi wa bibi, Jumamosi nitamfungua

Baba Shafii 20:05
Nitakuja. Geti je?

Kibwana 20:11
Babu anauliza nani atamfuata, anataka kuwepo.

Juma Boda 20:12
mimi nampakia. bure

Zaituni Katibu 20:14
Geti tutaongea palepale Jumamosi inshallah. Wengine 20 mliomo humu naomba mseme kitu.

*Ijumaa*

Dada Neema (Tanga) 11:03
Samahanini nilikuwa msibani, ndiyo nasoma sasa. Naunga mkono.

Zaituni Katibu 11:04
Asante dada. Unaunga mkono lipi?

Shangazi Mwajuma 13:37
Hongereni wanangu. Shughuli ni Jumamosi hii? Sare ni rangi gani?