Kurudisha titi: msuli wa mgongo au nyama ya tumbo?

Neema_T
Wapendwa, nilikatwa titi la kushoto kwa saratani, nikamaliza kemo na mionzi. Sasa nataka kutengenezewa titi. Daktari hashauri silikoni peke yake kwa kuwa ngozi yangu imekakamaa kwa mionzi. Amenipa njia mbili: kuleta mbele msuli wa mgongoni na ngozi yake, kisha baadaye kujaziwa mafuta ya mapajani, au kutumia nyama ya chini ya kitovu. Mimi ni fundi cherehani, nauhofia mkono. Na hayo mafuta hayawezi kuamsha ugonjwa?

Mama Shani
Pole sana dada. Mimi nilifanya ya mgongo. Msuli hauachanishwi na mishipa yake ya damu kwapani, unapitishwa tu chini ya ngozi hadi kifuani, kwa hiyo unaendelea kulishwa damu kama kawaida. Kilichonitesa ni maji yaliyojikusanya mgongoni. Waliyavuta kwa sindano kila nilipokwenda kliniki mpaka yakakoma. Halafu kuna jambo sikuambiwa kabla: nikisukuma mlango mzito, titi linajikunja na kuruka. Ni msuli, bado una mishipa yake ya fahamu. Mkono unachoka nikinyanyua kitu juu ya kichwa, lakini kazi za mezani nafanya vizuri. Mazoezi ya bega usiyaache hata yakiuma.

Nesi wa Zamu
Neema, muulize daktari ya tumbo anamaanisha ipi, maana ziko mbili na hazifanani hata kidogo. Moja inachukua na msuli wa tumbo, na ukuta wa tumbo unaweza kulegea au kutoa ngiri. Nyingine inauacha msuli; wanachukua ngozi, mafuta na mishipa midogo ya damu, kisha wanaiunga na ya kifuani kwa darubini. Hiyo ni ya saa nyingi, na wodini siku ya kwanza tunakukagua karibu kila saa: rangi, joto, tunabonyeza kwa kidole kuona damu inavyorudi. Rangi ikibadilika unarudishwa tiyeta usiku huohuo. Kama unavuta sigara, acha wiki kadhaa kabla, tafadhali sana.

Mafuta: sehemu yake mwili huyanyonya, ndiyo maana kujaza hurudiwa baada ya miezi. Tafiti zilizofuatilia wagonjwa kwa ujumla hazijaonyesha kwamba saratani inarudi zaidi kwa waliojaziwa. Ila mafuta yaliyokufa huacha vinundu vigumu. Usikisie mwenyewe; kila kinundu kipigwe picha, na anayepiga aambiwe ulijaziwa.

Rehema M.
Mimi nilibaki bila titi kwa hiari yangu, nina amani. Usiharakishwe na mtu, mwenzangu. Hata miaka ikipita bado hufanyika.

Neema_T
Asanteni mno. Nesi, nitauliza hilo la msuli wa tumbo kwanza. Mama Shani, kovu la mgongoni linaonekana?

Mama Shani
Langu limelala chini ya mkanda wa sidiria. Watakuchora kwa kalamu ukiwa umesimama kabla ya kuingia tiyeta. Nenda na sidiria unayoivaa siku zote, umwombe daktari achore ndani ya mstari wake.