Mafia ya watu 9 kwa WhatsApp: mpelelezi ajitokeze lini, na mafia aliyebanwa adai nini?

Raia_wa_Umoja
Wasee, naomba msaada. Kundi letu hapa Nairobi hucheza Mafia kwa WhatsApp Ijumaa saa tatu usiku: mafia 2, mpelelezi 1, daktari 1, raia 5, kila mtu na kadi yake ya siri. Usiku mafia huua mmoja, mpelelezi huchunguza kama mmoja ni mafia, daktari humlinda mmoja; mchana wote hupiga kura ya kumtoa mtu. Tunaanza na usiku, msimamizi hachezi, na mtu akitoka kadi yake inafunuliwa. Mafia hushinda karibu kila wiki. Mpelelezi ajitokeze lini? Na mafia akibanwa adai kuwa nani?

Kura_ya_Tano
Hesabu kwanza. Usiku wa kwanza ukiua, mnaamka 8, mafia 2 ndani. Mkikosea kura mnabaki 7, usiku unakula mmoja, 6. Mkikosea tena ni 5, usiku 4: wawili kwa wawili, mafia wameshinda, kwisha. Kosa la pili ndilo linalowazika. Sasa angalia: siku hiyo ya watu 8 mkikataa kupiga kura, kesho mnaamka 7 na bado ni kosa la pili litakalowazika, ila mpelelezi ameshapata usiku mwingine wa kuchunguza. Idadi ikiwa shufwa, kuruka kura hakuwapunguzii nafasi. Ikiwa witiri, pigeni. Mkiwa 5 na mafia wote wawili wapo hai, kuruka ni kujitia kitanzi.

Mpelelezi ajitokeze akishampata mafia, au akikaribia kutolewa. Kama amepata raia tu, anyamaze, lakini amtetee huyo raia kidogo mapema. Akiuawa na kadi yake ikafunuliwa, watu watarudi juu kusoma alimtetea nani. Wakijitokeza wapelelezi wawili, mmoja ni mafia bila shaka, maana kadi ni moja. Toeni mmoja; akiwa wa kweli, kesho mnajua wa kutoa.

Ngara_Usiku
Hapo kwa kuruka kura sikubaliani kabisa. Kura za siku ya kwanza ndizo mtakazosoma siku ya tatu. Mafia mmoja akishafunuliwa, tazama nani alimpigia kura akiwa wa mwisho, wakati tayari mambo yameiva. Huyo mara nyingi ni mwenzake anayemtosa ili aonekane safi. Ndiyo maana kura ziandikwe kwa maneno, si zile za kubofya ambazo mtu hubadilisha kimyakimya. Na mpige marufuku kuhariri, kwa sababu WhatsApp inampa mtu dakika 15 za kurekebisha alichoandika.

Kwa mafia: usidai upelelezi na wa kweli yu hai, isipokuwa umeshakaribia kutoka na unataka kwenda naye. Ukidai, uwe na rekodi ya kila usiku, nani ulimchunguza na kwa nini. Kosa la kawaida ni kusema ulimchunguza mwenzako ukamkuta raia. Kadi yako ikifunuliwa, umemzika na yeye. Msafishe raia halisi, wamshuku bure.

Dai tamu zaidi ni udaktari, baada ya usiku ambao hakuna aliyekufa. Aliyelengwa usiku huo anajulikana na mafia na daktari peke yao. Mafia akisema "nilimlinda fulani", jina litakuwa sahihi kabisa, na daktari wa kweli akipinga ni neno lake dhidi ya lako. Lakini kisu hicho kinakata pande zote mbili: anayeropoka asubuhi kwamba fulani ameokolewa, na hajadai udaktari, mbaneni hapo hapo.

Raia_wa_Umoja
Sasa naona shida. Msimamizi wetu hutangaza jina la aliyeokolewa.

Kura_ya_Tano
Mwambieni aseme tu "hakuna aliyekufa". Na usiku wa kwanza ukiwa hivyo mnaamka 9, si 8, kwa hivyo hapo pigeni kura: mna nafasi ya kukosea mara moja zaidi.